Silicon Graphics haikuuawa na kiburi

Kama uliwahi kutoa bob kumi mtaani ndio ukae mbele ya PS2 dakika chache, ukishika padi iliyokwisha raba, basi umewahi kugusa kitu cha ukoo wa Silicon Graphics. Prosesa ya PS2 ilikuwa ya familia ya MIPS. Ya PlayStation ya kwanza pia. Na kwa miaka mingi MIPS ilikuwa mali ya kampuni moja ya California ambayo leo ukiitaja kwa vijana wa rika letu, wengi watakuuliza, "Hiyo ni nini?"

Hiyo ndiyo stori ya leo, wasee. Najua wengine mmezoea nikiongea muziki na siasa za mtaa, lakini hii imenikaa kichwani wiki tatu sasa, na nitawaambia kwa nini. Kwanza tuelewane kuhusu kampuni yenyewe.

Walikuwa akina nani?

Silicon Graphics ilianzishwa miaka ya mwanzo ya 1980 na Jim Clark, aliyekuwa anafundisha chuo kikuu cha Stanford, pamoja na wanafunzi wake. Mmoja wa hao waanzilishi ni Marc Hannah, injinia Mmarekani mweusi, jina ambalo lingefaa kutajwa zaidi shuleni. Kitu walichokuwa nacho mkononi kilikuwa chipu iliyoitwa Geometry Engine. Kazi yake ilikuwa moja: kufanya zile hesabu za kuzungusha, kusogeza na kukuza maumbo ya pande tatu kwenye skrini. Wakati huo kompyuta ya kawaida ukiiambia ichore mchemraba unaozunguka ilikuwa inatoa jasho. Hii chipu ilifanya hiyo kazi papo hapo.

Walichouza ni kompyuta za kazi nzito: mashine ya mtu mmoja, inakaa kwa meza au chini ya meza, lakini nguvu zake si za kuandikia barua. Wanunuzi walikuwa watu wa kuchora magari na ndege, watafiti, na watu wa sinema. Bei ilikuwa noma. Mashine moja nzuri ingekula makumi ya maelfu ya dola. Lakini zile dinosaria za kompyuta za *Jurassic Park* ya 1993 zilitengenezwa na Industrial Light & Magic kwa mashine hizi, na hata ndani ya sinema yenyewe kuna msichana anayeketi mbele ya moja.

Mwaka wa 1992 walitoa OpenGL, lugha ya kuongea na grafiki ambayo kampuni nyingine pia ziliruhusiwa kutumia. Mdogo wake, OpenGL ES, ndiye amebeba gemu za simu za Android miaka nenda miaka rudi. Kwa hivyo ukicheza gemu kwa matatu ukielekea kazini, kuna alama ya kidole chao hapo.

Mnamo 1997 kampuni hii iliingiza zaidi ya dola bilioni 3 kwa mwaka. Mwaka wa 2006 iliomba ulinzi wa korti kwa sababu ya madeni. Mwaka wa 2009 ikarudi kortini tena, na mali yake ikanunuliwa na Rackable Systems kwa takriban dola milioni 42. Bilioni tatu kwa mwaka, halafu milioni arobaini na kitu kwa kila kitu, jina likiwemo. Miaka kumi na miwili tu.

Hadithi mnayopewa

Ukiuliza wazee wa teknolojia watakuambia ni kiburi. Eti walijiona, walidharau kompyuta za bei ya chini, dunia ikabadilika wao wamelala. Ni hadithi tamu kwa sababu inakupa somo rahisi: badilika au ufe. Ukienda semina yoyote ya vijana hapa Nairobi lazima mtu atasimama na maiki akupe hilo somo, ukitoka umeshiba mandazi na woga.

Mimi sikubaliani nalo. Silicon Graphics haikulala. Ilibadilika, tena sana. Iliona kabisa kwamba kompyuta za Intel na Windows zinakuja kuila. Shida ni vile ilivyobadilika. Fuatilia nami.

Mashine zao za kwanza zilitumia prosesa za Motorola, kama kampuni nyingi za wakati huo. Baadaye katika miaka ya 80 wakahamia MIPS, muundo uliotokana na utafiti wa John Hennessy pale Stanford. Huo ulikuwa uamuzi wa akili. MIPS ilikuwa na kasi, na ilipofika R4000 mwaka wa 1991 tayari ilikuwa prosesa ya biti 64, wakati wengine bado wanahesabu kwa 32. Lakini kampuni ya MIPS yenyewe ilikuwa inapoteza pesa. Ikifa, Silicon Graphics itaweka nini ndani ya mashine zake? Kwa hivyo 1992 wakainunua kwa zaidi ya dola milioni 300. Sasa hawakuwa tena duka linalonunua unga. Walikuwa wamenunua posho mill.

Na kumiliki posho mill ni gharama. Kubuni prosesa mpya ni kazi ya miaka na mamilioni ya dola, uuze mashine elfu moja au milioni moja. Intel ilikuwa inauza mamilioni kwa mamilioni, kwa hivyo gharama ya kubuni iligawanywa mpaka ikawa kitu kidogo kwa kila chipu. Silicon Graphics haikuwa na wateja wa kiasi hicho. Hapa lazima niwe mkweli: anayesema wangebaki na MIPS milele bila kubadilisha chochote hajapiga hesabu.

1998, mwaka wa kuapa

Januari 1998 akaja bosi mpya, Rick Belluzzo, kutoka Hewlett-Packard. Mwaka huo kampuni ikatangaza mwelekeo mpya. Mashine kubwa zitahama polepole kutoka MIPS kwenda prosesa mpya ya Intel iliyokuwa inatengenezwa pamoja na HP, iliyojulikana wakati huo kama Merced, ambayo baadaye iliitwa Itanium. Mashine ndogo zitatumia Pentium na Windows NT. MIPS ikaanza kuuzwa kwa soko la hisa kama kampuni ya kujitegemea, na kufikia 2000 ikawa imeachiliwa kabisa. Miradi ya prosesa mpya kabisa za MIPS kwa mashine kubwa ikafutwa.

Mmeona tatizo? Merced haikuwepo. Ilikuwa kwenye karatasi. Ilikuwa ahadi. Tarehe ilisogezwa, ikasogezwa tena, na ilipofika sokoni ilikuwa 2001, tena ikiwa na kasi iliyowakatisha watu tamaa. Silicon Graphics ilijenga mashine halisi juu yake, Altix, mwaka wa 2003, wakati ambapo Itanium ilikuwa tayari kwenye kizazi cha pili.

Sasa jiweke kwenye viatu vya mteja wa 1998. Unataka kununua mashine ya dola elfu hamsini. Muuzaji mwenyewe amesimama mbele ya watu amesema moyo wa hiyo mashine hauna kesho. Utanunua? Utangoja. Na yule anayeandika programu za kutumia kwenye hizo mashine naye anafanya hesabu zake, anaanza kuandikia Windows na Linux. Kampuni haikupoteza wateja kwa sababu MIPS ilikuwa mbovu siku hiyo. Iliwapoteza kwa sababu ilitangaza matanga kabla mgonjwa hajafa, na mrithi alikuwa bado hajazaliwa.

Waswahili walishalimaliza hili zamani: usiache mbachao kwa msala upitao. Mbachao ni mkeka wako uliochakaa, lakini unaukalia. Msala upitao ni mzuri, ila unapita na mwenyewe.

Kitu cha kusikitisha zaidi ni kwamba hawakuuacha vizuri hata huo mkeka. MIPS iliendelea kuishi ndani ya mashine zao kwa miaka kadhaa kupitia R12000, R14000 na R16000, ambazo zote zilikuwa marekebisho ya R10000 ya miaka ya 90. Mashine za mwisho za MIPS ziliachwa kutengenezwa mwishoni mwa 2006. Kwa hivyo walilipa gharama ya kubaki na gharama ya kuhama, kwa wakati mmoja.

Na zile za Windows je? Januari 1999 wakatoa Visual Workstation 320 na 540. Mashine safi sana kwa macho, Pentium ndani, lakini chipu zinazozizunguka zilikuwa zao wenyewe, memori yao wenyewe, hata jinsi ya kuwaka ilikuwa tofauti na kompyuta za kawaida. Yaani walikuja sokoni ambako kila mtu ananunua kwa sababu vipuri vinaingiliana, na wao wakaleta kitu kisichoingiliana. Mtu wa Windows aliona ni ghali. Mtu wa Silicon Graphics aliona si Silicon Graphics. Wakaangukia katikati. Agosti 1999 Belluzzo akaondoka, akaenda zake Microsoft. Sitasema mengi hapo.

Swali lilikuwa baya

Hapa ndipo maoni yangu yanaanza kabisa. Nadhani chumba kile cha mkutano kilikuwa kinauliza, "Tutumie prosesa gani?" Motorola, MIPS, Itanium, Pentium. Swali zuri kwa injinia. Lakini swali la kampuni lilikuwa lingine: watu wanatufuata kwa nini?

Hakuna aliyeenda kwao kwa sababu ya prosesa. Watu walienda kwa sababu ya picha. Geometry Engine ndiyo iliyowafungulia mlango, na picha ndizo zilizowajaza wateja.

Tazama walivyotumia pesa zao. Mwaka wa 1996 walinunua Cray Research, watengenezaji wa kompyuta kubwa kuliko zote, kwa zaidi ya dola milioni 700. Ndani ya Cray kulikuwa na kitengo kimoja kilichotengeneza seva kwa kutumia prosesa za SPARC, yaani za mpinzani wao Sun Microsystems. Prosesa si yetu, basi hicho kitengo si chetu. Wakakiuzia Sun. Sun ikakitoa sokoni kama Enterprise 10000 wakati kampuni za intaneti zinanunua seva kama njugu, na mashine hiyo ikawa mojawapo ya zilizoiletea Sun faida kubwa. Cray yenyewe ikauzwa mwaka wa 2000 kwa Tera Computer, ambayo ikajiita Cray. Miaka minne tu.

Wakati huohuo, angalia walichokuwa nacho sebuleni. Nintendo 64 ya 1996 ilikuwa na prosesa ya MIPS na chipu ya grafiki iliyobuniwa na Silicon Graphics. Iliuzwa karibu milioni 33 duniani. Kampuni inayolia kwamba haina wateja wa kutosha ilikuwa na kazi yake ndani ya nyumba milioni 33! Waliweza kutengeneza grafiki nzuri kwa bei ya mtoto wa shule. Waliweza. Ilikuwa imeshafanyika.

Jim Clark mwenyewe alikuwa akisukuma kampuni iende upande wa mashine za bei ya chini, hawakusikizana na uongozi, na 1994 akaondoka akaanzisha Netscape. Mainjinia waliotoka Silicon Graphics wakaanzisha 3dfx, ambayo kadi zake za Voodoo ndizo zilizowaonjesha wachezaji wa gemu ladha ya 3D kwenye kompyuta za nyumbani. Wengine, wakiwemo waliofanya kazi ya Nintendo 64, wakaanzisha ArtX, ikanunuliwa na ATI mwaka wa 2000. Silicon Graphics ikaishtaki Nvidia mwaka wa 1998 kwa mambo ya hakimiliki za uvumbuzi, wakapatana 1999, na baada ya mapatano baadhi ya mainjinia wa grafiki wakahamia Nvidia.

Nvidia, wasee. Ile kadi mnayoulizia bei Luthuli mpaka muuzaji anawajua kwa jina.

Kufikia miaka ya mwanzo ya 2000, studio za sinema zilikuwa zinaweka kadi kama hizo kwenye kompyuta za kawaida zenye Linux. Kazi ileile, sehemu ndogo ya bei. Na Maya, ile programu ambayo ukisomea uhuishaji lazima utaisikia, ilitoka 1998 kwa Alias|Wavefront, kitengo cha Silicon Graphics. Nacho kikauzwa 2004. Leo Maya ni ya Autodesk, na bado inauzwa.

Hata makao yao ya Mountain View yakachukuliwa na Google. Ofisi kuu ya Google mnayoiona kwa picha ilijengwa kwa ajili ya Silicon Graphics.

Kwa haki yao, si kila kitu kilikuwa takataka. Mwaka wa 2004 waliiundia NASA kompyuta iliyoitwa Columbia, Itanium 10,240 zikifanya kazi pamoja, na ikashika nafasi ya pili duniani kwenye orodha ya Novemba. Mainjinia wao hawakuwahi kukosa akili. Lakini akili ya kutengeneza haiwezi kuokoa kampuni iliyouza sababu ya watu kuja.

Kwa nini nimekosa usingizi na kampuni ya wazungu

Sasa niwaambie. Mimi na wenzangu wawili tuna timu ndogo ya katuni. Mmesizoea kuniona naye yule dada anayeandika hadithi, na yule msee wa sauti anayeweza kuiga kondakta, pasta na mama mboga kwa dakika moja. Tunafanya kazi kwa kompyuta moja yenye kadi ya grafiki tuliyoinunua kwa mchango wa miezi saba. Wahusika wetu tunawachora wenyewe, na ni wao mnaowataja mkikutana nasi barabarani, si sisi.

Kuna ofa mezani. Kampuni fulani inataka kununua wahusika wote pamoja na jina la chaneli. Tutabaki kama wafanyakazi wa kulipwa kwa kila vidio. Na hatutachora tena: kuna mtambo wa AI wa kutengeneza katuni ambao wanasema utakuwa tayari "robo ijayo". Msee wa sauti anasema tuchukue. Ana mtoto, kodi ya nyumba haingoji sanaa, na kusema ukweli kuchora kwa mkono kunatumaliza. Vidio ya dakika mbili inakula wiki. Kuna watu wanatoa tano kwa siku.

Siwezi kumwambia ni mvivu wala muoga. Hesabu yake ni ileile ya 1998: gharama ya kujifanyia mwenyewe ni kubwa, na wengi wanatupita kwa wingi. Yuko sawa. Mtu asiyejua bei ya unga asimfundishe mwenye jikoni.

Lakini nimewaambia wote wawili msimamo wangu, na ninauandika hapa ndio nisije nikaukana. AI siiogopi. Tukipata mtambo unaojaza rangi na kusogeza midomo, mimi nitakuwa wa kwanza kuutumia, kwa sababu hakuna mtazamaji aliyewahi kutuandikia kusifu programu tunayotumia. Hiyo ni prosesa. Prosesa inabadilishwa. Wahusika je? Lugha yao, ile jinsi mama mboga wetu anavyomkata mtu kwa sentensi moja? Hiyo ndiyo picha. Hiyo ndiyo watu wanafuata. Hiyo hatuuzi ili tupate nafasi ya kungoja kitu cha robo ijayo.

Kwa hivyo pendekezo langu kwao ni hili. Wahusika wabaki wetu. Hiyo kampuni tukubaliane nayo iwatumie kwa kulipia, kwa muda ulioandikwa. Mtambo tutauhamia siku tutakapouona ukifanya kazi kwa macho yetu, na kompyuta yetu haiuzwi kabla ya siku hiyo. Na kila mmoja achukue kazi za harusi wikendi ili kodi ya msee isimpige. Si pendekezo la kishujaa. Kazi za harusi zinachosha na MC huwa haishi kuongea. Lakini mkeka tunaukalia.

Bado hatujakubaliana. Tunapiga kura Ijumaa, na ikiwa wawili watasema tuuze, tutauza, kwa sababu tulianza watatu na tulikubaliana hivyo. Sitajifanya kwamba historia ya kampuni moja ya California inaweza kulipa kodi ya mtu Umoja.

Ila nyinyi mlio kwenye njia panda kama hii, iwe ni bendi, kibanda cha nguo, au chaneli ya wafuasi mia tatu, kabla hamjajiuliza mtumie mtambo gani, mtandao gani, simu gani, jiulizeni lile swali lingine kwanza. Watu wanakuja kwenu kwa nini? Mkishalijua jibu, badilisheni vingine vyote, hata kesho asubuhi.

Niambie hapo chini: wewe ungeuza?